Wanataka Sauti Yangu, Uso Wangu Hawautaki

Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa Nairobi. Jina lake tunalo sisi, na litabaki kwetu.

Mhariri, mimi ni mama wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Dagoretti, na nina watoto wanne. Nashona nguo pale Kenyatta Market na tunaishi mtaa wa Satellite. Mume wangu ni karani mjini, mtu wa kisiwa kimoja cha Ziwa Viktoria. Kisiwa chenyewe sikitaji, maana nikikitaja tu, watu watanijua kabla hawajamaliza kusoma.

Kila Pasaka kisiwa hicho huwa na sherehe kubwa. Kuna mashindano ya kupiga makasia, kuna mieleka na ngoma, na siku hizi wageni humiminika, Wazungu kwa Waafrika, kamera shingoni. Lakini kilele ni kupokea mtumbwi mpya. Wanawake huuimbia jinsi bibi harusi anavyoimbiwa akifika kwa mumewe. Mwimbishaji husimama mbele, na kabla ya neno lolote lazima ataje jina la mwanamke aliyemfundisha. Asipolitaja, wimbo unahesabiwa kuwa wa kuiba.

Mimi nilifundishwa na mama mkwe wangu. Alikuja Nairobi kutibiwa miguu, akakaa kwetu miaka mitatu. Mwanzoni tulikuwa paka na panya, yeye hajui Kikuyu, mimi sijui lugha yake. Siku moja nachambua mboga, yeye anaimba, nami nikajikuta naitikia. Alicheka mpaka akakohoa, na tangu hapo hakuniacha. Nikikosea neno, narudia hata kama chakula kinaungua. Nilipomwambia kwamba mimi si mtu wa kwao, alinijibu, "Mbao za mtumbwi zinatoka ng'ambo. Tukishaziimbia ni zetu. Imba, mtoto wangu." Alifariki mwaka juzi. Nampenda mpaka leo, na kule kwao hakubaki mwingine anayeujua wimbo huo mwanzo hadi mwisho.

Chama cha watu wa kisiwa hapa Nairobi kiliposikia, kikaniomba niwafundishe akina mama wa chama, Pasaka hii twende tukauimbe kisiwani. Tumefanya mazoezi uani kwangu kila Jumapili baada ya kanisa, wanawake kumi na wawili, wengine na watoto mgongoni. Sare zao nimezishona mimi. Mwenyekiti akamleta binti yake, nikamfundisha kwa moyo mweupe nikidhani atakuwa msaidizi wangu. Ujinga huo naukiri.

Mwezi uliopita mwenyekiti alikuja kwenye kibanda changu sokoni. Akakubali chai, akazungukazunguka na habari za mvua, kisha akasema, "Mama, hii maneno tumeongea kama komiti. Wageni wanataka kuona kitu original. Wakiuliza unatoka wapi, tutasema nini?"

"Mtasema natoka Dagoretti," nikamwambia. "Kwetu sikuonei haya."

"Hapana kasirika. Msichana yangu atasimama mbele. Wewe utakaa nyuma ya mkeka tutatundika, uimbe na nguvu. Yeye atafungua tu mdomo. Hakuna mtu atajua."

Nilikuwa na mkasi mkononi. Niliuweka chini polepole, maana hasira hasara. Kumbe kitu original ni msichana anayefungua mdomo bila sauti!

Mume wangu alinisihi nikubali. Kule ni kwao, akasema, na sauti si itasikika? Nikameza, kwa ajili yake. Jumapili iliyofuata tukafanya mazoezi kwa mtindo huo, mimi nyuma ya shuka iliyotundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kabla sijaanza, mwenyekiti akaja kuninong'oneza, "Hapo pa kutaja mwalimu, taja mama yangu. Itaonekana msichana alifundishwa na nyanya yake."

Mama yake huyo sikuwahi kumwona, na wimbo huu hakuwahi kuuimba. Mhariri, hapo nilichemka. Nilitoka nyuma ya shuka, nikasimama mbele ya binti, nikataja jina la mama mkwe wangu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na nikaimba mpaka mwisho nikimtazama mwenyekiti usoni. Akina mama wote waliitikia, hata yule binti, na safari hii sauti yake ilisikika.

Watu walipotawanyika, mume wangu alinigeukia. "Umeniaibisha mbele ya watu wa nyumbani. Ukirudia hivyo kule kisiwani, usirudi kwangu. Pitiliza mpaka kwa baba yako."

"Ni mama yako nimetaja, Baba Watoto," nikamjibu.

Alichukua koti lake akatoka. Alirudi kwa chakula cha jioni, lakini neno lake hakulirudisha, na mpaka leo tunapitana humu ndani kama wapangaji.

Pasaka imebaki wiki tatu. Akina mama wameapa kwamba nisiposimama mbele, hakuna atakayefungua kinywa. Wasomaji wenzangu, ukweli ni kwamba mume wangu si mtu mbaya na bado nampenda. Lakini nikiimba nyuma ya mkeka nikitaja jina la mtu mwingine, nitakuwa nimemzika mama yake mara ya pili, na kwa mdomo ule ule aliounyoosha yeye.

Kwa hiyo anayetaka kunishauri ninyamaze, asiharibu stempu yake. Kusimama mbele nitasimama. Nishaurini hili moja tu: nimwambie nini mwanamume anayeogopa jina la mama yake mwenyewe, ili siku hiyo nikilitaja, naye awe miongoni mwa wanaoitikia?