Salamu ya Yohana Kwenye Picha ya Kahawa

Siku yangu ya kwanza kwenye gari la sinema nilipewa kipaza sauti kabla sijaonyeshwa hata pa kukaa. Ilikuwa Chapwa, kwetu, jirani na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, enzi za Mwingereza. Gari lilitoka Mbeya limejaa vumbi mpaka kwenye vioo, na Mzungu aliyelisimamia, ambaye wote tulimwita Bwana Sinema, alikuwa anatafuta mtu anayejua Kinamwanga, Kinyiha na Kiswahili cha kueleweka. Nilivijua vyote, pamoja na Kibemba cha wajomba zangu wa ng'ambo. Akaniambia, "Picha hizi hazina sauti. Wewe ndiye sauti yake. Sema unachokiona, usitie chumvi." Picha yenyewe ilikuwa ya treni, na mimi treni nilikuwa sijaiona maishani. Nikawaambia watu hivyo hivyo kwamba hata mimi nashangaa kama wao. Walicheka sana, na kazi nikaipata.

Ninyi mnaobonyeza kitufe na picha ikatoka, hebu nisikilizeni kidogo. Sisi tulitundika shuka jeupe kati ya miti miwili. Jenereta tuliliweka mbali ili ngurumo yake isinimeze sauti. Projekta, yaani mashine ya kumulika picha, ilikaa nyuma ya gari, na filamu ilipita ndani yake kama uzi kwenye cherehani. Ikikatika, dereva wetu Issa alizikwangua ncha mbili, akazipaka gundi, akazibana mpaka zishikane. Watu walisubiri bila kununa. Mimi nilisimama kando ya shuka na kusema yote, ya wanaume, ya wanawake, hata ya mbuzi.

Bwana Sinema alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao sijauona kwa bosi mwingine. Baada ya onyesho hakuuliza mtu kitu. Tulilala palepale, na asubuhi, watu wakishaota jua, nilikaa nao na kuwauliza waliionaje picha. Alisema jioni mtu husifu mwanga tu, asubuhi ndipo husifu picha. Kisha nami nilipaswa kumweleza yote waliyosema. "Usinifurahishe," alizoea kuniambia. "Niambie."

Na watu walisema! Kule Itumba tulionyesha picha ya bahari, mzee mmoja akashangaa kwamba maji yote yale yapo na hakuna hata mmoja anayeteka. Picha ya mama anayemwogesha mtoto kwa sabuni ilisemwa vibaya mno. Walisema mama gani huyo, anamweka mtoto uchi kwenye upepo, na ninyi mnaijua baridi ya Itumba. Mimi mwenyewe sikuipenda, kwa sababu aliyeitengeneza alidhani hatujawahi kuoga. Ile ya mpira niliipenda kupita kiasi, hasa yule golikipa aliyeruka akadaka kwa mkono mmoja. Kila nilipofika hapo niliacha kutafsiri, nikapiga kelele tu.

Lakini niliyokusudia kuwasimulia ni picha ya kahawa.

Bwana Sinema aliitengeneza mwenyewe Hasamba, Mbozi, ili wakulima waone jinsi ya kupogoa mibuni, yaani kukata matawi yaliyochoka ili mapya yapate nguvu. Alimchagua Yohana, kijana mkulima mwenye shamba safi na mikono ya haraka. Shamba lile lilipakana na nyumba ya baba mkwe wake, Mzee Halinga, na Bwana Sinema alitaka mzee naye aonekane ameketi barazani, kwa kuwa uso wake ulikuwa mzuri. Mzee alikubali kwa furaha, akavaa koti lake la kanisani.

Sasa, kwetu mkwe hampiti baba mkwe wake hivi hivi. Anatoka njiani, anachutama, anapiga makofi ya polepole, anaulizia habari za nyumba nzima, na mzee anaitikia kwa makofi vilevile. Yohana alifanya yote hayo alipofika asubuhi ile. Ila kamera ya Bwana Sinema ilijazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani, na nguvu zake ziliisha upesi. Aliona salamu ingemaliza ufunguo wote kabla Yohana hajaufikia mbuni. Akasema, "Mmeshasalimiana. Rudi nyuma, kisha upite moja kwa moja shambani." Yohana akarudi, akapita. Mimi ndiye niliyetafsiri, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona tatizo.

Tuliliona kwenye shuka, filamu iliposafishwa na kurudi. Hasamba nzima ilikuwepo. Wakamwona Yohana anakuja, mkasi mkononi, na mzee yuko barazani, na Yohana anapita. Picha ikaendelea, mibuni ikakatwa vizuri ajabu, lakini niliona mtu mmoja amesimama na kuondoka. Alikuwa Mzee Halinga.

Asubuhi watu walisifu mkasi, wakasifu majani, wakaisifu ardhi yao jinsi inavyopendeza ikiwa kwenye picha. Mzee hakuja. Alikuja mkewe, akakaa pembeni mpaka wengine walipomaliza, ndipo akaniambia.

"Msemaji, mzee ana neno. Anasema Yohana alimsalimu, hakatai. Lakini alipoambiwa ampite, alimpita. Na huko Chapwa na Itumba hawakuwepo siku ile. Wataona tu alivyopitwa kama kisiki."

"Anataka nini, mama?"

"Picha isitembee. Ikitembea, binti yetu arudi nyumbani."

Yohana alikuwa amekaa karibu yetu. Alishika kichwa, akasema, "Mama, mimi nilijua tumeshasalimiana." Mama mkwe wake hakumjibu, maana hata kumtazama usoni si desturi. Mke wa Yohana alisimama mbali na mtoto mgongoni, na nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa hajafanya lolote na ndoa yake ilikuwa inavunjwa na kipande cha filamu.

Mkuu wa Jimbo mwenyewe alikuwa anaisubiri picha ile Mbeya. Bwana Sinema alikuwa ameshanyoa ndevu na kufunga mizigo. Akaniuliza, "Wameionaje?" Nikaanza na sifa, na zilikuwa za kweli. Kisha nikamwambia kwamba mzee anasema ametukanwa.

"Nani kamtukana?"

"Picha, Bwana."

Uso ulimwiva. "Ile ni picha ya kahawa, si ya salamu! Salamu yenu ni ndefu kuliko ufunguo wa kamera!"

Niliogopa, sitaficha. Lakini alikuwa amenifundisha mwenyewe kutomfurahisha. Nikasema, "Bwana, hakuna atakayejifunza kahawa kwa mtu asiye na adabu."

Akaitazama mizigo. Kisha akamwambia Issa afungue mizigo. Tukaziba madirisha ya ghala la kahawa lililokuwa karibu kwa mablanketi, tukaiendesha picha upya, sisi watatu tu. Picha ilipofika pale barazani Bwana Sinema aliinama mbele, akatazama kama anaiona mara ya kwanza. Akasema taratibu, "Amempita kweli." Nilimpenda sana Mzungu yule kwa maneno hayo.

Tulikwenda kwa miguu nyumbani kwa mzee. Njiani aliniuliza asimame wapi na afanye nini, nikamwonyesha. Alichutama mbali na baraza kama mkwe hasa, akapiga makofi, miguu ikamshinda, akaangukia mkono. Mama mwenye nyumba alicheka hadi akajifunika kanga usoni. Mzee alijizuia, alijizuia, kisha naye akacheka.

"Mwambie bwana wako," mzee akaniambia, "kesho nitavaa koti."

Mkuu wa Jimbo alipelekewa habari kwamba picha haijawa tayari. Kesho yake salamu ikapigwa picha yote. Katikati ufunguo uliisha kama ilivyotarajiwa, na Bwana Sinema akapiga kelele, "Msitikisike!" huku akijaza kamera. Yohana alibaki amechutama, viganja vimekutana, mguu umekufa ganzi, na mzee barazani ametulia kama yuko kanisani. Ndiyo maana katika picha kuna mshtuko mdogo, mikono inaruka kidogo. Mkuu wa Jimbo, nilivyosikia, aliuliza kasoro ile ni ya nini. Bwana Sinema akamjibu kwamba hapo si kasoro, hapo adabu ilikuwa ndefu kuliko mashine.

Nilifanya kazi chini ya mabosi wengine baadaye, mpaka Uhuru ukanikuta bado na kipaza sauti, na nikastaafu kwa heshima. Siku hizi wajukuu wananiita tuangalie video zao, halafu wananiomba maoni. Nawaambia ukweli. Nyingi ni nzuri, za mapigano hasa, jinsi mtu anavyoruka ghorofani na kofia haidondoki. Zingine watu wanaongea mno, wangeniachia mimi. Kisha wananiuliza, babu, ipi imekufurahisha kuliko zote? Hapo nawarudisha Hasamba.

Mzee Halinga alifariki Waingereza wangali wanatawala. Baada ya matanga watu wa Hasamba walituomba tuwaletee picha ya kahawa. Bwana Sinema aliendesha projekta kwa mikono yake. Mzee alipotokea kwenye shuka, ameketi na koti lake, wanawake waliguna kwa uchungu. Yohana wa kwenye picha akatoka njiani, akachutama. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema maneno ya salamu kama kawaida, nikasikia makofi ya polepole yananijia kutoka gizani. Watu wote walikuwa wanamsalimu. Yohana mwenyewe, mtu mzima sasa, alikuwa ametoka kwenye benchi na kuchutama kwenye majani mbele ya shuka, na mkewe kando yake. Mzee akaitikia, mikono ikaruka kidogo palepale inaporuka siku zote. Nikaweka chini kipaza sauti, nikapiga makofi pamoja nao.