Jina la Mdogo Wangu Katika Wimbo wa Rapa

Mimi yule kijana rapa sikumpenda tangu mwanzo, niseme wazi. Mji wetu mzima wa Butembo, huku mashariki ya Kongo, ulikuwa umelewa sifa zake: eti ndiye sauti yetu, eti mistari yake ifundishwe shuleni, eti wazungu wamesafiri kutoka kwao kuja kumrekodi akiwa ameketi kwenye ngazi za nyumba ya baba yake huko Kimemi. Mimi nilikuwa fundi wa kushona, nina cherehani zangu na wasichana wa kufundisha, na wasichana hao walimwimba kutwa. Nilikuwa nashona kwa hasira.

Hasira yangu ilikuwa na sababu. Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, alitoka nyumbani kwetu Bungulu, kule Beni, asubuhi moja kwenda kuvuna kakao, na hakurudi. Ilikuwa ile miaka ambayo watu wa porini walikuwa wanawachinja wakulima mashambani mwao, na wiki ile maiti zililetwa mjini kwa magari. Nilipanda gari kutoka Butembo, nikapita katikati ya waliolazwa chini, nikiangalia uso baada ya uso, kitenge puani. Hakuwemo. Nje ya chumba cha maiti vijana wa kujitolea walikuwa wamebandika karatasi ukutani. Upande mmoja majina ya waliotambuliwa, upande mwingine majina ya wanaotafutwa. Nikaandikisha jina la mdogo wangu upande wa wanaotafutwa, kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikawaomba waliandike vizuri.

Mwezi haukuisha, wimbo wa yule kijana ukatoka. Hauna kiitikio wala mapenzi wala majigambo. Ni majina tu, moja baada ya lingine, ngoma ikipiga polepole nyuma yake. Watu waliusikiliza wamesimama, kama wanasikia Injili. Katikati, mwisho wa mstari, likaja jina la mdogo wangu, la ubatizo na la Kinande yote mawili. Nilikuwa nakata suruali ya mteja. Nikaikata mguu mmoja mfupi.

Beni nako walikuwa wameusikia. Kesho yake majirani wa mama wakaja na kuni, maharagi na mikeka, kama tunavyofanya kwa waliofiwa, wakaanza kuketi uani. Mama akatoka jikoni akawauliza wamekuja kumlilia nani. Mmoja akamwambia jina limesikika katika wimbo. Mama hakugomba. Aliwapikia chai, wakanywa wote, kisha akasema:

"Mutoto wangu anapotea, hakufa. Mutu mwenye anapotea, banamungoja. Mubebe kuni zenu, murudie kwenu."

Wakazibeba. Wengine walikasirika, maana kwetu mtu hakatai kuni za matanga. Nilipoelezwa habari hiyo kwa simu nililia, halafu nikamlaani yule rapa mpaka mate yakakauka.

Wakili wake alikuwa nyumbani mwangu mwenyewe, tena mezani pangu: mume wangu. Yeye ni mwalimu wa Kifaransa, serikali ilimtuma huku kutoka Kasai, na mashairi ndiyo ugonjwa wake. Kila tukila tulibishana.

"Mama ya batoto, sikia," alikuwa akisema. "Redio ya taifa ilisema nini siku ile? Ilisema watu kadhaa. Kadhaa, kama vile mbuzi! Huyu kijana amekataa hilo neno. Donc, basi, kwangu ni mshairi mkubwa, anastahili sifa zote."

"Majina hata padri anayasoma kila Jumapili," nikamjibu, "na sijaona mtu akimpigia makofi."

"Padri akisoma, wewe unafikiria chakula. Huyu akisoma, mwili unakuwa baridi. Hiyo njo kazi ya mushairi."

"Aisifuye mvua imemnyea. Wewe haijakunyea. Ndugu zako wako kwenu wanakula vizuri."

Aliweka kijiko chini. Akasema bila ukali, "Nani alikuambia haikuninyea? Kwetu pia batu balikufa, na mujomba wangu ndani yao. Hakuna mutu aliimba jina yake. Hata moja."

Niliona aibu, lakini sikurudi nyuma, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwambia kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mama hajaanza. Huyu kijana nani alimtuma aanze? Mume wangu akachukua tena kijiko chake, na mimi nikahesabu kwamba siku hiyo nimeshinda.

Baadaye risasi zilifika karibu sana na Bungulu, nikaenda kumchukua mama. Alikuja Butembo na furushi moja na shati la mdogo wangu lililopigwa pasi. Mchana alikuwa akikaa kwenye kona ya chumba cha kushonea, ananishonea vifungo. Redio ikianza wimbo ule, mimi nilirukia kuifunga. Mara nyingine mama alisema, "Wacha iimbe." Nilidhani anasema hivyo ili wasichana wasione anaumia. Niliifunga tu, nikajiona binti mwema.

Mwisho nilichoka. Nikavaa kitenge cha kwenda misa, nikaenda Kimemi kwa huyo mkubwa. Nilikuwa nimetayarisha matusi ya njia nzima. Nikamkuta ameketi kwenye zile ngazi, mwembamba, kofia kichwani, mama yake nyuma anamenya ndizi. Aliposikia mimi ni nani na mdogo wangu ni nani, alisimama akavua kofia.

"Karibu, yaya. Pole sana," akasema, akiniita kama dada yake mkubwa.

"Pole ya nini? Nani alikuambia amekufa?"

"Jina yake ilikuwa kwenye karatasi, kule ukutani."

"Karatasi ilikuwa na pande mbili. Ulisoma zote?"

Alitazama chini. Angeweza kunidanganya, na ningemchukia kwa raha zaidi. Hakunidanganya.

"Nilisoma zote, yaya. Mustari ilikuwa inabakia na nafasi moja. Nikatafuta jina yenye ingemaliza muzuri. Ya mudogo wako ilikuwa inaingia."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta muda wote: huyo mshairi wao, sauti yetu, alimuua mdogo wangu kwa sababu jina lake lina sauti nzuri. Nikamwambia amtoe. Akasema atamtoa, ataurekodi upya, hakunibishia hata neno. Nilipogeuka kuondoka akaniuliza, polepole, "Na kama iko mufu kweli, yaya?" Nikamwambia hiyo si kazi yake.

Nyumbani nikamsimulia mume wangu kila kitu, nikitaka aone aibu kwa niaba ya rapa wake. Alisikiliza huku anapangusa chaki kwenye mikono ya shati.

"Na mama yako, umemuuliza?" akasema.

"Nimuulize nini? Si yeye mwenyewe alifukuza watu, akasema mtoto wake hajafa?"

Akarudi kupangusa chaki. Nilimwona mtu aliyeshindwa asiyetaka kukubali.

Wiki chache zikapita. Ilikuwa Jumapili, tumetoka misa, tumekula. Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, anachambua maharagi ya kesho, redio ya jirani imefunguliwa kwa nguvu. Mtangazaji akasema kuna wimbo ule unaopendwa, safari hii umerekodiwa upya. Sikuwa na namna ya kuifunga redio ya mtu, na kwa kweli sikutaka. Nilitaka mama asikie nilichomfanyia.

Majina yakaanza. Nikamtazama mama, nikaona midomo yake inakwenda. Alikuwa anayasema pamoja na rapa, yote, kwa mpangilio wake, bila kukosea, mwanamke asiyejua kuimba kitu kingine isipokuwa nyimbo za kanisa. Sijui aliyajifunza wapi na lini, labda nikiwa sokoni. Mwisho wa ule mstari likaja jina lingine, la mzee wa mashamba ya upande wa pili. Mdomo wa mama ulikuwa tayari umetamka la mdogo wangu, peke yake.

Mikono yake ikasimama katika maharagi.

"Bamemutoa," akasema.

"Ndiyo, mama. Nilienda mwenyewe kumuambia amutoe. Ulisema hakufa."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na ningeomba awe nayo.

"Nilisema hakufa. Sikusema baache kutaja jina yake." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Serikali haikumutafuta. Majirani banaogopa kuniuliza. Weye na bwana yako, nikiingia munanyamaza. Mule mu wimbo tu njo bado banatajaka jina yake, mwanangu. Kila siku nilikuwa namusikia, nasema basi, iko mahali."

Nikamwambia nitarudi Kimemi sasa hivi, nitampigia kijana magoti amrudishe. Nilikuwa tayari nimesimama. Mume wangu pia alikuwa amesimama, kofia mkononi, aende yeye.

"Hapana," mama akasema.

Alifungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka juu ya kiti. Halafu akashuka taratibu, akaketi chini kwenye sakafu, miguu mbele, kama wanavyoketi mama zetu waliofiwa. Akaniambia niite watu.

Nilikwenda nyumba ya kwanza, kwa jirani mwenye redio. Alifunga redio aliponiona uso. Nikamwambia tumefiwa, ni mdogo wangu, mama ameketi chini. Alishika kifua, akaniuliza amekufa lini.

Nikamwambia, leo.