Picha ya Jepkorir na Sheria ya Jerry

Kwa miaka kumi na tisa Jepkorir amekaa mbele ya kompyuta katika duka la kuchapisha la Mzee Dhirajlal, mjini Nakuru, akipanga kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Shule aliachia darasa la saba. Kazi alijifunza kwa kuchungulia begani kwa fundi aliyemtangulia, na jicho lake halipitwi: herufi ikipinda kidogo, ameshaiona.

Mwaka huu vijana wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzibadilisha, walitoa tangazo wakiomba watu wachore picha. Itakayoshinda ingetokea kila kompyuta inapowashwa katika shule kadhaa, ikiwemo ile ya Keringet anakosoma bintiye Winrose, anayeishi huko na nyanya yake. Jepkorir alichora wanawake wa Dundori wakichimba viazi kwenye ukungu, na chini yao maneno ya kuwakaribisha wanafunzi, jina lake likiwa pembeni. Kura zikapigwa, akashinda. Siku hiyohiyo alimpigia Winrose simu kumwambia ataona jina la mamake darasani.

Kisha Jerry, kiongozi wa vijana hao, akaja dukani kuuliza picha ilichorwa kwa programu gani. Jepkorir akaitaja ile ya dukani, ya kulipia. Jerry akatikisa kichwa. Picha yao lazima ichorwe kwa programu huria peke yake, na alitaka faili yenyewe ya kuchorea, ile ambayo kila mstari na kila neno hubadilishika.

Damu ilimpanda Jepkorir. Faili ya kuchorea haitolewi. Mteja hupewa karatasi, faili hubaki dukani, ndiyo maana mteja hurudi. Hata wajane wanaokuja kwa vijitabu vya mazishi hajawahi kuwapa.

"Picha mliipenda, hamkuipenda?" aliuliza.

"Tuliipenda, mathe. Lakini sheria ni sheria."

"Hiyo sheria iko wapi kwenye tangazo lenu?"

Tangazo hilo Jepkorir alilijua neno kwa neno, maana ndiye aliyelipanga, kwa kompyuta hii, kwa programu hii, Jerry akiwa amesimama hapo hapo akimwelekeza asongeshe maandishi kidogo. Alimkumbusha yote hayo kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo sauti yake mbaya.

"Jerry, mimi mwenyewe namwogopa huyu mama," Mzee Dhirajlal akasema kutoka kaunta. "Kubali tu, uende nyumbani mzima."

Jerry aliomba msamaha kwa ajili ya tangazo, ila hakulegea. Alieleza kwamba mwalimu wa Keringet, alipotumiwa picha, alitaka kubadilisha maneno ya chini yawe Kikalenjin, watoto wadogo wayaelewe, akashindwa. Picha ilikuwa imefungwa, na hata faili ikipatikana, shule haina uwezo wa kununua programu ya kuifungua.

Hilo lilimuudhi zaidi kwa kuwa lilikuwa kweli, na hakuna aliyemwambia mapema. Akajaribu kuihifadhi picha kwa namna inayofunguka popote. Ukungu ukageuka mabaka meupe juu ya nyuso za wanawake.

Jerry akampa siku tatu achore upya, la sivyo wachukue picha iliyoshika nafasi ya pili kwenye kura.

Jepkorir alichora saa za chakula, chai ikipoa, kwa programu huria ambayo vifungo vyake vyote vilikuwa mahali asipovitarajia. Alimlaani Jerry kwa kila jembe na kila kiazi. Mtu apewe kazi mara mbili kwa kosa la mwingine, halafu aambiwe ni uhuru! Angeacha, kama si Winrose kuwa tayari amelitangazia darasa zima.

Siku ya tatu alimaliza. Mkono ulisita juu ya faili ile iliyo wazi, ya kwanza kutoka mikononi mwake tangu aanze kazi. Kisha akaituma, na maneno haya kwa Jerry:

"Maneno ya chini wabadilishe wapendavyo. Jina langu likiguswa, nitakuja mwenyewe. Na sheria nyingine ikizaliwa leo, usinipigie simu."