Gauni la Basi la Alasiri

Keti kidogo, wewe ambaye jioni inakukuta umechoka mwili mzima na bado huwezi kusema ulifanya nini tangu asubuhi. Uchovu huo naujua. Niliubeba miaka mingi kwenye baraza ya duka moja mjini Voi, nikikanyaga cherehani, na siku iliyonifundisha kuupunguza haikuwa siku nyepesi hata kidogo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mwenye duka aliuza vitambaa ndani, mimi nilishona nje, uso wangu ukiitazama barabara ya stesheni. Vumbi jekundu liliingia kwenye mafuta ya cherehani hadi ikifika adhuhuri mashine ilikuwa inalia. Lakini kilichonichosha si vumbi. Zilikuwa salamu. Sisi watu wa milimani hatupitani kimya. Mtu akishuka kutoka Mwatate ni lazima akuulize habari za nyumbani, za watoto, za mvua, nawe umuulize zake. Mguu unasimama kwenye pedali, mkono unaachia kitambaa. Akiondoka, umesahau kama ulikuwa kwenye kola au kwenye mkono. Tena haondoki hivi hivi. Anakuachia kikapu umwangalizie, na suruali iliyochanika. "Kiraka tu, Fundi, dakika moja." Jioni nilikuwa na rundo la nguo zilizoanzwa, na mgongo unaouma kana kwamba nimezimaliza zote.

Asubuhi moja ya siku ya soko, lori lilifika kutoka Kishushe, akashuka mfugaji mmoja na binti yake. Binti alikuwa ameitwa kusomea uuguzi Mombasa. Alitakiwa kuripoti kesho yake asubuhi akiwa amevaa sare. Asiye na sare angerudishwa nyumbani, na nafasi yake apewe mwingine. Kitambaa walikuwa nacho siku nyingi, ila mvua ilikuwa imeharibu njia ya kwao na hapakuwa na gari la kuwateremsha. Basi la Mombasa lingeondoka alasiri.

"Fundi, tumechelewa, tunajua," baba alisema, kofia mkononi. "Ukisema haiwezekani, tutarudi na lori hili hili."

Binti alikuwa akiutazama mkasi wangu.

Nikasema inawezekana. Nikampima, nikakata. Kufikia katikati ya asubuhi nilikuwa nimeunga upande mmoja tu wa gauni, na nimesalimiana na nusu ya wilaya. Nikaona hapana. Nikaigeuza cherehani, nikakaa nimeelekea ukuta, mgongo barabarani, na nikaacha kuitikia. Nilidhani nimepata dawa.

Mama mmoja aliyeuza ndizi ng'ambo ya barabara alinisalimu, akanisalimu tena, akaondoka. Baada ya muda alirudi na wenzake, wamejifunga leso, wanatembea polepole. Wakaketi sakafuni nyuma yangu.

"Pole, mama," mmoja alisema kwa sauti ya chini. "Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Aliyetutoka."

Kwetu, mtu anayegeukia ukuta na haitikii salamu amefiwa. Hakuna aliyefikiria jambo jingine. Tayari mmoja alikuwa ametumwa sukari ya chai ya matanga. Ilinibidi niwaeleze wote kwamba nyumbani ni wazima, na kila maelezo yalizaa salamu upya, ndefu kuliko za mwanzo, maana sasa zilikuwa na furaha. Binti wa Kishushe alikuwa amekaa pembeni juu ya sanduku lake la bati. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mama mkwe wangu alikuwa ameshuka kutoka Marungu kutibiwa mguu, akawa ananingoja ndani ya duka. Alitoka akichechemea.

"Mwanangu, unawaficha kazi, ndiyo maana wanakutafuta. Geuza cherehani hiyo. Wasalimie wote mara moja, kisha uwaambie unashona nini na utamaliza lini."

"Mama, si wataona nina maringo?"

"Maringo ni hayo ya kuwapa watu mgongo. Simama."

Nikasimama. Nikasema kwa sauti: "Hamjambo nyote. Nashona gauni la binti huyu, anakwenda kusomea uuguzi, na basi lake ni la alasiri. Likishaondoka, nitamsikiliza kila mtu." Nikaketi, nikakanyaga.

Mama wa ndizi akajiweka kwenye ngazi ya baraza kama bawabu.

"Wewe na suruali yako, unakwenda wapi?"

"Kiraka tu, dada."

"Kiraka! Mtoto wa watu akose chuo kwa sababu ya makalio yako? Weka hapo, ukanunue ndizi."

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini mguu haukusimama. Mama mkwe alipokea salamu kwa niaba yangu, na hakuna aliyeudhika, maana zilikuwa zimefika kwa mkubwa wa nyumba. Mwingine alipuliza makaa ya pasi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilichokuwa kikinimaliza si kushona, ni kuanza upya kila mara.

Basi lilipopiga honi, pindo la chini lilikuwa bado. Nikalishikiza kwa mishono mikubwa, nikamtilia binti sindano na uzi mfukoni. "Utalimalizia leo ukifika." Alipanda na gauni kifuani, limekunjwa, bado lina joto la pasi.

Kisha nikarudi kwenye rundo langu. Jua lilipotua mabega yaliniuma vile vile, sitakudanganya. Likizo yake ya kwanza, binti alipita barazani amelivaa gauni lile. Pindo alikuwa amelishona vibaya sana. Nikalifumua, nikalishona tena, akiwa amesimama hapo hapo.

Basi wewe, kesho asubuhi, kabla hujagusa chochote, chagua kazi moja ambayo haiwezi kungoja kesho kutwa. Wasalimie walio karibu nawe, uwaambie ni kazi gani na utaimaliza lini. Nyingine zote ziweke chini ya meza. Kisha keti uianze, na usiinuke mpaka ufike kwenye pindo.