Mama Herufi na neno ambalo kompyuta haikuliona

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla foleni ya wagonjwa haijafika mlangoni, karani wa kumbukumbu anawasha kompyuta ya chumba cha sindano na kuandika mstari uleule anaouandika kila siku: MZIO WA PENISILINI. Anabonyeza. Skrini inageuka nyekundu. Anafuta, anaandika upya kwa herufi ndogo. Nyekundu tena.

"Sasa naweza kunywa chai," anasema.

Wauguzi wanamwita Mama Herufi. Ana miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na cheti cha kompyuta alichokisomea saa za chakula cha mchana kwa miaka miwili. Cheo chake bado ni karani. Programu aliyoitunga mwaka jana haikumwongezea hata senti. Ilimwongezea simu za siku za mapumziko.

Kazi ya programu yenyewe ni ndogo. Nesi akiandika maelezo ya mgonjwa, kompyuta inapekua maandishi yote, herufi baada ya herufi, ikitafuta kama ndani yake mna neno "mzio", yaani kuna dawa inayomdhuru mgonjwa huyo. Ikilikuta, skrini inawaka nyekundu na nesi anaweka sindano chini.

Kwa miezi minne hakuna aliyelalamika. Halafu akaja fundi cherehani.

Mzee huyo alikuwa na jipu mguuni. Nesi wa mapokezi, akiijua hatari, aliandika mzio wake wa penisilini kwa herufi kubwa tupu ili asiwepo wa kusema hakuuona. Kompyuta haikuwaka. Nesi wa chumba cha sindano, aliyekwisha kuzoea kutazama rangi badala ya kusoma, akavuta dawa.

"Mwanangu, hiyo ni dawa gani?" mzee akauliza, mkanda wa suruali tayari mkononi.

"Penisilini, baba."

"Basi ngoja nifunge mkanda wangu. Hiyo mara ya mwisho ilinilaza siku tatu."

Kosa lilikuwa la Mama Herufi, naye hazungushi maneno.

"Niliiambia itafute herufi ndogo peke yake," anasema. "Kwa kompyuta, herufi ndogo na herufi kubwa ni kama watu wawili wasiojuana. Nesi kapiga kelele, mimi nimeiziba mashine masikio."

Alitumia siku mbili kusoma kwa macho yake maelezo ya wagonjwa 312. Arobaini na saba yalikuwa na neno hilo kwa herufi kubwa, na yote yalipita kimya. Kwamba hakuna aliyedhurika ni bahati tu.

Kulisahihisha kosa kulichukua dakika tano: programu sasa inageuza herufi zote kuwa ndogo kwanza, ndipo inatafuta. "Dakika tano," anarudia. "Kuzikosa kungemuondoa mzee wa watu."

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, hakuridhika. Alimpa wiki mbili za majaribio. Likipita neno moja tu bila kuonekana, programu inazimwa na hospitali inarudi kwenye kadi nyekundu za kubandika juu ya mafaili.

Leo wiki mbili zimetimia. Saa mbili kamili mganga anaingia, anavuta kiti na kuandika mwenyewe kwa vidole viwili. Herufi kubwa: nyekundu. Kubwa na ndogo zimechanganywa: nyekundu. Neno limefichwa katikati ya sentensi ndefu: nyekundu. Kisha anaandika "hana mzio". Nyekundu.

"Huyu hana. Mbona imewaka?"

"Inaliona neno, Daktari. Maana haiijui."

"Kwa hiyo inadanganya."

"Inakusimamisha usome. Usiposoma, hilo ni lako, si la mashine."

Nesi wa sindano anajifanya kupanga pamba. Mganga anamtazama karani, kisha skrini.

"Iache iwake," anasema hatimaye. "Lakini na kadi zibaki. Na wewe nesi, usome."

"Nasoma, Daktari. Siku hizi nasoma mpaka maandishi ya kwenye boksi la glavu."

Mganga akishatoka, Mama Herufi anafungua daftari lake la mistari. Amechora visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, ambavyo nesi atalazimika kuchagua kimoja kabla ya kuendelea, ili kompyuta isibaki kubahatisha kwenye maandishi. Anataka viwe tayari kabla mwaka haujaisha, hata kama cheo chake kitabaki kilekile.

"Fundi alikuwa na mdomo wake, akauliza," anasema, huku akiinuka kumfungulia mlango mgonjwa wa kwanza. "Mimi namuwaza yule atakayeletwa kwenye machela, amezirai. Huyo nani atamuulizia ni dawa gani?"