Sheria Haitembei Peke Yake

"Inuka kwenye hilo bomba, Bi Nicandra!"

"Siinuki. Na ukinigusa, Gaudencio, utarudi kwa mkeo vidole vikiwa mfukoni."

Gaudencio, msimamizi wa sheria wa kijiji, alikuja na spana kukata maji. Eleuterio, mwana pekee wa Nicandra, alichaguliwa na baraza awe mgambo mwaka huu, naye yuko kaskazini, ng'ambo ya mpaka, anachuma nyanya za watu. Huku milimani Oaxaca kila mwanamume hushika zamu bila mshahara. Asiyeshika, nyumba yake hufungiwa maji mpaka baraza likae, na baraza hukaa likipenda.

Ulimi wa Nicandra tangu usichana ulikuwa unanyoa dungusi. Siku aliyogombana na padri, kengele ya kanisa ilipigwa ikakataa kulia. Tangi la maji la kijiji lilipojengwa kwa msaragambo, alibeba mawe akiwa mjamzito, Eleuterio akazaliwa njiani. Akamfunga kwa mtandio, akaokota jiwe lake akaendelea. Wapo wanaoapa aliokota mawili, la pili la mtoto. Leo waje wamfungie maji hayo hayo!

"Sheria ni msumeno, Bi Nicandra. Hukata mbele na nyuma."

"Mbona ukifika kwa shemeji yako unakuwa butu? Mwanawe naye si yuko huko huko?"

"Yule alileta mtu wa kumshikia zamu."

"Na mimi nilijileta mwenyewe, mkanicheka hadi mkamwaga pombe yenu ya mkonge!"

"Mwanamke hawi mgambo."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa popote. Ndiyo maana haifutiki."

Hilo lilimchoma. Alitema mate karibu na kiatu cha Gaudencio, karibu sana. Kisha akachungulia nyuma ya Gaudencio, uani kote, akaanza kucheka kicheko kibaya.

"Mgambo wako yuko wapi?"

Gaudencio akashusha spana. Tangu enzi za mababu, hakuna mkubwa anayegusa kitu katika ua wa mtu bila mgambo kutangulia na fimbo ya zamu. Hata marehemu mume wa Nicandra, alipoburutwa mahabusu amelewa, fimbo ilitangulia.

"Mgambo ndiye huyo mwanao mtoro!"

"Basi msubiri. Sheria haitembei peke yake, mwanangu. Bila fimbo, wewe ni mwizi mwenye spana. Nimekufuta kamasi mimi, usinitolee macho."

"Nitasubiri!" Gaudencio alifoka. "Na hata akifika leo, siku alizokosa zina adhabu yake. Maji yatafungwa, na atafunga yeye kwa mkono wake. Nitamwamuru mbele yako!"

"Mwamuru! Eleuterio wangu akanyage hapa, ndipo utakapojua nani alimnyonye—"

Lango likalia.

Eleuterio aliingia na begi begani, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alikuwa amepitia barazani kwanza kula kiapo, kabla hata ya kumwamkia mamake. Nicandra aliiona fimbo mkononi mwake kabla hajauona uso.

Gaudencio akamnyooshea spana aishike.

Maji yalisikika yakipita ndani ya bomba, chini ya sketi ya Nicandra.