Farasi Jike Aliyengoja Mvua

Chuoni nilifundishwa kwamba mchana ukirefuka, farasi jike huingia joto, humtaka dume. Lakini hapa kijijini Midia, karibu na ikweta, mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Basi jike wetu anafuata nini? Kiangazi, barabara zikipitika, mfanyabiashara wa mjini Koboko alituletea dume wake. Jike, amekonda mbavu nje, alimpiga mateke mpaka akarudishwa. Mvua iliponyesha na majani yakaota, akaanza kuinua mkia na kulia akielekea Koboko. Barabara ilikuwa matope matupu.

“Huyu iko nangojea mvua,” baba, askari mstaafu, akacheka. “Na wewe, kijana yangu, iko nangojea nini?”

Nilimkatia jike majani, nikasimama naye, tukisikiliza upande wa Koboko. Hakuna aliyemwitikia.